Sarafu mgongoni, uzi mkononi: wakimbizi wa Kambodia walivyohama na dawa zao

Wasomaji na wasikilizaji wetu, na hasa ninyi ambao vita vimewaondoa makwenu: katika familia nyingi zilizohama, mtu akikaa siku tatu bila kulala wala kula, mabishano huanza nyumbani. Mmoja anasema twende kituo cha afya. Mwingine anasema huu si ugonjwa wa hospitali, tumpeleke kwenye chumba cha maombi. Wakati wanabishana, bibi amekwisha kuchemsha majani. Hata lugha yetu inayajua mabishano hayo, maana huku kwetu yule wa hospitali mwenye koti jeupe tunamwita muganga, na yule wa kienyeji mwenye mizizi yake pia tunamwita muganga.

Leo tunawasimulia historia ya watu wengine waliopita katika mabishano hayo hayo, mbali sana na hapa. Ni Wakambodia, watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambao wengi wao ni wafuasi wa dini ya Budha. Vita viliwatoa kwao, wakaishi katika kambi za Thailand, kisha maelfu wakapelekwa kuishi katika miji ya Marekani. Mmoja wa miji hiyo ni Lowell, jimbo la Massachusetts, ambao katika miaka ya karibuni umepokea pia familia za Wakongo. Tumechagua historia hii kwa sababu inaonyesha wazi jambo moja: mkimbizi hafiki mjini mikono mitupu. Anafika na namna yake ya kuuita ugonjwa na ya kuutibu. Hospitali zilizoidharau namna hiyo zilishindwa kuwaelewa wagonjwa wao. Zile zilizoiuliza habari zake ziliweza kuwatibu.

Hospitali 102 za mfalme

Dini ya Budha ilianzia India, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Mafundisho yake ya msingi yamepangwa karibu kama kazi ya daktari: kwanza kutambua mateso, pili kutafuta chanzo chake, tatu kujua kwamba yanaweza kuisha, nne kuonyesha njia ya kuyamaliza. Katika vitabu vya kanuni za watawa kuna habari ya Budha mwenyewe kumwosha mtawa mgonjwa wa kuhara ambaye wenzake walikuwa wamemwacha alale katika uchafu wake. Baada ya hapo akawaagiza watawa wahudumiane, kwa sababu hawakuwa tena na baba wala mama wa kuwauguza.

Mafundisho hayo yalifika Kambodia na kuota mizizi. Mwaka 1181 alitawala huko mfalme aitwaye Jayavarman wa Saba, Mbudha, katika mji mkuu wa Angkor. Jiwe lenye maandishi lililowekwa mwaka 1186 katika hekalu la Ta Prohm linataja hospitali 102 katika ufalme wake. Hospitali hizo ziliwekwa chini ya ulinzi wa yule anayeitwa Budha wa Dawa, na karibu na kila hospitali palijengwa hekalu dogo. Mawe mengine yaliyopatikana mpaka Laos na Thailand ya leo yanaorodhesha vitu ambavyo ghala la mfalme lilitoa kwa wagonjwa: asali, sukari, kafuri, ufuta na viungo vya namna nyingi. Watu wa tabaka zote waliruhusiwa kutibiwa humo.

Kwa hiyo hekalu na hospitali vilianza pamoja katika nchi ile. Wafaransa waliitawala Kambodia tangu mwaka 1863 hadi 1953, wakaleta hospitali za kizungu. Hata hivyo kijijini mambo yaliendelea kama zamani. Mgonjwa alikuwa na milango mitatu. Mlango wa kwanza ni nyumbani, kwa mama au bibi. Mlango wa pili ni kwa mganga wa mitishamba, anayeitwa kru Khmer. Mlango wa tatu ni hekaluni, kwa watawa wenye nguo za rangi ya machungwa.

Nyumbani, dawa ya kwanza ilikuwa sarafu. Mama anampaka mgonjwa mafuta au dawa ya kuchua mgongoni, kifuani na mikononi, kisha anakwaruza ngozi kwa ukingo wa sarafu mpaka mistari myekundu itokee. Wanasema inatoa khyâl, yaani upepo. Katika fikra za Wakambodia upepo huo ukizuiliwa mwilini hupanda kuelekea kichwani, na hapo mtu huona kizunguzungu, masikio yanavuma, shingo inauma, moyo unaenda mbio. Walikuwa pia na desturi ya kuumika, ile ambayo wazee wa huku kwetu waliifanya kwa pembe ya ng'ombe.

Hekaluni, watawa walisoma sala kwa lugha ya Kipali, wakamwagia mgonjwa maji yaliyobarikiwa, wakamfunga uzi mkononi. Kuna pia ibada ya kuita roho. Wakambodia wanasema mtu ana roho 19, na akipatwa na hofu kubwa baadhi yake hukimbia na kupotea porini. Familia hukusanyika, huita roho zirudi, na uzi unafungwa ili zisitoke tena.

Miaka minne ya Khmer Rouge

Tarehe 17 Aprili 1975 wapiganaji wa Khmer Rouge, chini ya Pol Pot, waliingia mji mkuu Phnom Penh. Waliamuru mji mzima uhame kwenda mashambani. Hata hospitali ziliondolewa watu. Walioshuhudia waliona wagonjwa wakisukumwa barabarani juu ya vitanda vyao, huku chupa za maji ya dawa zikining'inia.

Utawala huo ulidumu mpaka tarehe 7 Januari 1979, jeshi la Vietnam lilipouangusha. Katika muda usiofika miaka minne, watu wapatao milioni 1.7 walikufa kwa kuuawa, kwa njaa, kwa kazi za shokoa na kwa magonjwa, katika nchi isiyozidi watu milioni 8. Waliosoma walisakwa, na madaktari waliobaki hai nchini hawakufika 100. Dini nayo ilipigwa marufuku. Watawa walivuliwa nguo zao, wakapelekwa mashambani au wakauawa. Mahekalu yakageuzwa maghala, mazizi ya nguruwe na magereza.

Tuone maana yake kwa mgonjwa. Ile milango mitatu yote ilifungwa, na wa hospitali pia. Na jambo lililowaumiza wengi hata miaka mingi baadaye ni kwamba wafu hawakuzikwa kwa ibada. Kwa Mbudha wa Kambodia, mtu aliyekufa vibaya na asiyesomewa sala hatulii. Anatangatanga. Mjane au yatima aliyeokoka aliondoka na deni hilo moyoni.

Kambini: madaktari na waganga chini ya uzio mmoja

Mwishoni mwa mwaka 1979 makumi ya maelfu walivuka mpaka kuingia Thailand wakiwa mifupa mitupu, na malaria juu. Kambi ya Sakeo ilifunguliwa Oktoba, na kambi ya Khao-I-Dang ikafuata tarehe 21 Novemba. Katika miezi michache Khao-I-Dang ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Mashirika ya kigeni yalileta madaktari, mahema ya hospitali, maji na unga wa lishe. Yaliokoa maisha ya watu wengi mno.

Mtawa mmoja aliingia Sakeo katika siku za kwanza. Jina lake Maha Ghosananda. Wakati wa mauaji alikuwa Thailand akitafakari katika msitu, na jamaa zake wote waliokuwa Kambodia walikufa. Kambini alijenga hekalu la vijiti na majani, akagawa vikaratasi vyenye mafundisho ya Budha juu ya upendo. Wengine walimwonya kwamba watakaoenda kusali watachukuliwa hatua, kwa kuwa wafuasi wa Khmer Rouge walikuwa humo humo kambini. Maelfu walikwenda. Walioandika habari za siku ile wanasema watu walilia kwa sauti waliposikia tena Kipali baada ya miaka minne.

Pale Khao-I-Dang, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Ufaransa, Jean-Pierre Hiegel, aliyefanya kazi na Msalaba Mwekundu, alitambua kwamba mahema ya hospitali yalijaa watu wenye maumivu ambayo vipimo havikuyaeleza. Tena aliona kwamba ndani ya kambi kulikuwa na waganga wengi wa mitishamba waliookoka, wamekaa bila kazi. Badala ya kuwafukuza, alisaidia kuanzisha vituo vya tiba ya jadi ndani ya kambi. Waganga wakapewa mahali, vyungu na mimea. Walichemsha dawa, wakachua, wakafukiza, wakafanya ibada kwa watu waliodhaniwa kupagawa na pepo.

Kilichokuwa kipya ni utaratibu. Mganga akiona mgonjwa ana homa kali au kifua kikuu, anampeleka kwa madaktari. Daktari akiona mtu asiye na kidonda wala kijidudu lakini hawezi kulala, anampeleka kwa mganga. Hiegel hakulazimika kuamini pepo ndipo afanye kazi hiyo. Alihitaji tu kukubali kwamba mganga alijua kuuliza maswali ambayo yeye, hata akiwa na mkalimani, hakujua kuyauliza. Baadaye, pamoja na Colette Landrac, aliandika kitabu kizima juu ya miaka ile ya Khao-I-Dang.

Mistari myekundu mgongoni mwa mtoto

Kuanzia mwaka 1975 hadi katikati ya miaka ya 1990, Marekani ilipokea Wakambodia zaidi ya 140,000. Wengi walikwenda Long Beach, California. Kundi kubwa la pili lilikaa Lowell, mji wa zamani wa viwanda vya nguo, ambako wakati ule kulikuwa na kazi za kuunganisha vifaa vya elektroniki na nyumba za kupanga za bei nafuu. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha kuanzisha hekalu karibu na mji, kabla hata wengi wao hawajajua Kiingereza.

Hospitali za mjini hazikujua la kufanya nao. Tatizo la kwanza lilionekana shuleni. Mtoto anaugua mafua, mama anamkwaruza mgongo kwa sarafu, asubuhi mwalimu anaona mistari myekundu na anadhani mtoto amepigwa. Ofisi ya kulinda watoto inaitwa. Mzazi aliyefanya kila alichoweza kumponya mwanawe anajikuta anahojiwa kama mhalifu, kwa lugha asiyoijua. Mwaka 1976 jarida la madaktari wa watoto la Marekani lilikuwa limekwisha kuchapisha makala kuhusu watoto wa Kivietnam, likieleza kwamba alama za namna hiyo ni za matibabu na si za kipigo. Lakini ilichukua miaka mingi habari hiyo kumfikia kila mwalimu na kila muuguzi. Wakati huo akina mama walijifunza kuficha. Na mgonjwa anayemficha daktari sarafu anamficha pia majani aliyokunywa, na vidonge alivyoacha kumeza.

Tatizo la pili lilikuwa lugha. Mara nyingi mkalimani alikuwa mtoto wa nyumbani, wa miaka kumi au kumi na miwili, aliyejifunza Kiingereza shuleni. Tufikiri mama anayetakiwa kumweleza daktari mambo aliyotendewa na askari, kupitia mdomo wa mwanawe. Atanyamaza. Atasema kichwa kinauma.

Tatizo la tatu lilikuwa zito kuliko yote. Huko Long Beach na Los Angeles, miaka ya 1980, wanawake wa Kambodia walifika kwa madaktari wa macho wakisema hawaoni, au wanaona vivuli tu. Macho yakapimwa: ni mazima. Baadhi waliambiwa wanajifanya. Watafiti wawili, Patricia Rozée na Gretchen Van Boemel, waliketi na wanawake hao na kuwauliza maisha yao. Mwaka 1989 walichapisha walichokipata: wengi walikuwa wameona kwa macho yao watu wao wakiuawa, na kadiri mwanamke alivyokaa muda mrefu zaidi chini ya Khmer Rouge, ndivyo uwezo wake wa kuona ulivyokuwa umepungua zaidi. Miwani isingeweza kuwasaidia.

Maumivu hayo hayakuisha kwa kupita kwa miaka. Mwaka 2005 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Long Beach kwa Wakambodia waliokuwa wamekimbia wakiwa watoto wakubwa au watu wazima. Miongo miwili baada ya kufika, asilimia 62 walikuwa na dalili za ugonjwa wa kiwewe, na asilimia 51 walikuwa na sonona. Walikuwa na nyumba, umeme na shule za watoto, na usiku bado walikuwa Kambodia.

Mawazo mengi

Wakambodia wana msemo kwa ugonjwa huu: kuwaza sana. Mtu anawaza mno, mawazo yanachosha moyo, moyo ukichoka upepo unapanda, na mtu anaanguka. Nani kati yetu atahitaji kufafanuliwa? Kivu nzima inasema mtu fulani ana mawazo mengi, na kila mmoja anaelewa kwamba huyo haongelei fikra tu, anaongelea ugonjwa. Wana pia neno baksbat, maana yake ujasiri uliovunjika: mtu aliyewahi kutishwa mpaka ndani kabisa, hata baadaye hawezi kusimama mbele ya mkubwa na kusema neno. Na usiku wanapoamka wameganda, hawawezi kusogea, wakihisi mtu amewakalia kifua, wanasema mzimu unawakandamiza. Sisi tunaita jinamizi.

Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Devon Hinton, aliyejifunza Kikhmer na kuwatibu Wakambodia wa Lowell kwa miaka mingi, aliyachukua maneno haya kwa uzito. Mgonjwa akisema anaogopa upepo utapasua mishipa ya shingo, hakumwambia kwamba hakuna kitu kama hicho. Aliuliza: unaanza wapi? Unapanda lini, unaposimama ghafla? Unakumbuka nini wakati huo? Mara nyingi, mwisho wa maswali hayo, palitokea tukio: njaa shambani, kipigo cha shingoni, maiti barabarani. Hapo tiba ikaweza kuanza. Yeye na wenzake walitengeneza mazoezi ambayo ndani yake mna kutafakari kwa namna ya Kibudha. Mgonjwa hulegeza shingo polepole huku akiwaza ua la yungiyungi linalozunguka na upepo juu ya shina lake. Watu waliokulia karibu na mabwawa ya Kambodia hawakuhitaji kufundishwa ua hilo likoje.

Kuhusu lile deni la wafu, watawa ndio waliolishika. Kila mwaka, mwezi wa Septemba au Oktoba, Wakambodia huwa na sikukuu ya siku 15 iitwayo Pchum Ben. Familia hupeleka hekaluni chakula na orodha ya majina ya marehemu wao, watawa wakayasoma na kuwaombea. Katika miji ya Marekani, watu ambao hawakujua hata mahali ndugu zao walipoangukia waliweza angalau kusikia majina yao yakitajwa mbele ya watu. Hakuna hospitali yenye chumba cha kazi hiyo.

Kituo kilichoitwa Metta

Mwaka 2000, kituo cha afya cha jamii cha Lowell kilifungua tawi kwa ajili ya Wakambodia na watu wengine wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kiliitwa Metta. Ni neno la Kipali, lugha ya sala za watawa, na maana yake ni upendo wa kumtakia kila mtu heri. Mzee Mkambodia akisoma jina hilo mlangoni alijua kabla ya kuingia kwamba humo ndani kuna mtu anayemjua.

Waliajiriwa wafanyakazi wanaosema Kikhmer, baadhi yao wakimbizi wenyewe. Dawa za hospitali zilitolewa pamoja na tiba ya sindano za Kichina na mafunzo ya kutafakari, na kituo kikashirikiana na watawa. Wauguzi walifundishwa kuuliza kuhusu sarafu na mitishamba bila kukunja uso. Wakati ule ule jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuzitaka hospitali ziwe na wakalimani wenye ujuzi katika vyumba vya dharura, ikaanza kutumika Julai 2001. Kwa sheria hiyo, hospitali haikuruhusiwa tena kuutegemea ulimi wa mtoto.

Kulikuwa na sababu nyingine ya haraka. Wazee wa Kikambodia walikuwa wanakufa kwa magonjwa ambayo hayahusiani na pepo: kisukari, shinikizo la damu, moyo, homa ya ini ya aina B. Mradi uliofadhiliwa na serikali kuu ya Marekani ulianza Lowell miaka ile ile kupambana na kisukari na magonjwa ya moyo kwa Wakambodia wenye miaka 50 na zaidi. Waendesha mradi walitambua haraka kwamba wazee hao hawasomi vipeperushi na hawaendi mikutanoni. Wanaenda hekaluni. Basi elimu ya afya ikafuata huko, na watawa wakawa watu wa kwanza wa kushirikiana nao.

Baadaye kituo cha afya cha Lowell kilihamia katika jengo kubwa la kiwanda cha nguo cha zamani katikati ya mji, na huduma za Metta zikaingia chini ya paa moja na za watu wengine wote.

Mpaka wa kila mmoja

Tusidanganyane. Maji ya watawa hayashushi sukari ya damu. Uzi mkononi hauzuii kifua kikuu. Kukwaruza kwa sarafu kukimchelewesha mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo kufika hospitali, mtoto huyo anaweza kufa. Waganga wazuri wa Khao-I-Dang walilijua hilo, ndiyo maana walikubali kuwapeleka wagonjwa upande wa pili. Vivyo hivyo, daktari mwenye vidonge vya usingizi hawezi kumzikia mtu mume wake.

Maha Ghosananda mwenyewe hakuwa na upinzani na hospitali. Aliishi miaka yake mingi ya ukimbizi Marekani, akianzisha mahekalu kwa ajili ya watu wake. Kuanzia mwaka 1992 aliongoza Kambodia matembezi ya amani, kwa miguu, katika maeneo yenye mabomu ya ardhini. Alikufa tarehe 12 Machi 2007 huko Northampton, Massachusetts, mikononi mwa jamii aliyoisaidia kusimama.

Kwa familia zetu

Familia ya Kikongo inayofika leo Lowell inakuta mji ambao umekwisha kufundishwa na Wakambodia kwamba mkimbizi anahitaji mkalimani na anahitaji kuulizwa. Haki hiyo ilipatikana kwa watu wa kwanza kupata taabu. Kwa hiyo ndugu mlioko ughaibuni, mkiitwa hospitali, ombeni mkalimani wa Kiswahili au wa lugha yenu. Msimpe mtoto kazi hiyo. Kisheria, katika hospitali za Massachusetts, mkalimani halipwi na mgonjwa.

Kwenu mliohama lakini mko bado hapa karibu, katika familia za kuwapokea, mashuleni au kambini, historia hii ina mambo machache ya kutumia hata leo jioni. Mgonjwa akipelekwa kituo cha afya, semeni wazi majani aliyokunywa, jina lake na kiasi chake, maana mengine yanagombana na vidonge. Akiwa katika chumba cha maombi na homa haishuki, anatapika, hajitambui au anakataa kunywa maji, apelekwe kwa wauguzi siku hiyo hiyo. Maombi yanaweza kumfuata huko. Asimwache mtu dawa za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi, za kisukari au za kifafa kwa sababu ameombewa. Na mtu mwenye mawazo mengi asiambiwe anajifanya.

Kwa waganga wetu wa pande zote mbili, na kwa wachungaji, masheikh, mapadri na wazee wa vyumba vya maombi, tunaomba jambo moja ambalo liliwezekana kambini Khao-I-Dang, penye matope na watu zaidi ya laki moja. Kila mmoja awajue wenzake kwa majina, na ajue ni mgonjwa gani wa kumpeleka kwa nani. Muuguzi wa kituo anaweza kuanza kwa kumuuliza mgonjwa kwa upole: kabla ya kuja hapa, nani mwingine amekutibu, na amekupa nini? Ni swali la dakika moja.